Oili ya pikipiki yenye klachi inayooga oili: namna ya kuichagua na kuiweka, kwa sisi wa Malindi

Wacha nianze na ile pleti, sababu ile pleti ndio iliyonifunza. Fundi alifungua kifuniko cha klachi cha Boxer yangu akatoa pleti moja akaniwekea kwenye kiganja. Ilikuwa nyeusi tititi, na vile vipande vyake vinavyoshika, ambavyo vikiwa vipya ukivigusa ni kama msasa laini, vilikuwa vimekuwa vyororo vinang'aa, na harufu yake kama ngozi iliyoungua. Akaniuliza, "Mwanangu, oili gani hii uliyoweka?" Nikamletea chupa, nilikuwa nayo bado. Akaigeuza akasoma nyuma, akanirudishia. "Ami, mbona ni oili ghali hii," nikamwambia. Akasema, "Ghali ndio, lakini ni ya gari."

Siku nne kabla ya hapo nilikuwa nimemwaga oili, nikaenda dukani nikaambiwa hii 5W-30 ni bora kuliko ile niliyozoea, injini itakuwa nyepesi na petroli itakaa. Na kweli siku ya kwanza injini ililia vizuri sana. Siku ya nne nikachukua mama mmoja na magunia mawili ya maembe kutoka ndani huko, tukifika kwenye mchanga kabla hujatokea Mambrui navuta mafuta injini inapiga kelele lakini pikipiki haiendi, inajikokota tu kama punda mgonjwa. Mama wa watu akashuka akatembea juani na mimi nasukuma. Pleti na springi zikala kazi yangu ya siku kadhaa. Tangu siku hio mimi siwezi kunyamaza nikiona kijana anamwaga oili yoyote tu kwenye pikipiki, na ndio maana naandika hii kwa urefu.

Kwanza ujue oili yako inafanya kazi ngapi

Gari ya gia za mkono ina oili ya injini mbali, oili ya giaboksi mbali, na klachi yake ni kavu, haiguswi na oili kabisa, ikiguswa imekufa. Pikipiki zetu nyingi za four-stroke, Boxer, TVS, Honda na hizi za Kichina za cc 100 mpaka 150, hazina utengano huo. Ni oili moja tu unayomimina pale kwenye kifuniko cha juu, na hio hio inapaka pistoni, inapaka gia, inapoza injini, alafu inaingia kwenye klachi ambapo pleti zinaogelea ndani yake. Ukisema "oili ya injini" kwa pikipiki kama hii umesema nusu tu ya mambo, ni oili ya gia na oili ya klachi pia.

Sasa angalia ugumu ulipo. Injini inataka oili inayoteleza. Klachi inataka kushika. Ndani ya basketi ya klachi, ile kikombe inayobeba pleti, kuna pleti za kushika na pleti za chuma zimepangwa moja moja kwa zamu, springi zinazibana pamoja, na ukiachilia mkono wa klachi lazima zigandamane zizunguke kama kitu kimoja ingawa zote zimelowa oili. Oili ikiwa na dawa nyingi ya kupunguza msuguano, kama hizi zenye molibdeni ya kulainisha, pleti zinashindwa kugandamana, moja inazunguka kwa kasi yake na nyingine kwa yake, joto linapanda, zinaungua. Ndio ile pleti niliyowekewa kiganjani.

Oili za magari zilianza kutengenezwa nyepesi na laini zaidi ili kuokoa mafuta, pikipiki zikaanza kuteleza klachi, na watengenezaji wa Japani wakaona lazima pikipiki ipate kipimo chake. Mwaka 1998 JASO, shirika la vipimo vya magari la Japani, likatoa kipimo cha T 903, ambapo oili inajaribiwa kwa pleti za klachi hasa, inaangaliwa inashika kiasi gani. Hapo ndipo zilipotoka zile herufi MA na MB ambazo watu wengi wanaziona kwenye chupa na hawajui ni za nini.

Chukua chupa, geuza nyuma, usisome mbele

Mbele ya chupa ni picha ya pikipiki na maneno matamu. Mbele hata chupa mbaya inapendeza. Nyuma ndiko kuna habari, na kitu cha kwanza unachotafuta ni JASO.

MA maana yake oili inashika, inafaa klachi inayooga. Mwaka 2006 MA iligawanywa ikawa na MA1 na MA2, na MA2 ndio inayoshika zaidi kati ya hizo. Kwa boda inayobeba abiria na mzigo kwenye mchanga mimi napendelea MA2 nikiipata, lakini MA ya kawaida kutoka kampuni inayoeleweka inatosha kabisa, usikose usingizi. MB ni oili ya msuguano mdogo, hio ni ya skuta zenye mkanda ambazo klachi yake iko mbali na oili ya injini. Ukiona MB na pikipiki yako ina gia za mguu, rudisha chupa. Hata kama mwenye duka anakwambia MB ni toleo jipya, sio toleo jipya, ni kazi nyingine.

Chupa nyingi zina kiboksi kidogo chenye neno JASO, herufi hizo, na namba ya usajili. Nyingine zimeandikwa tu kwa maneno kwamba zinafikia JASO MA bila kiboksi. Mimi nikiwa na chupa mbili mkononi nachukua yenye namba.

Kitu cha pili ni API, kipimo cha taasisi ya mafuta ya Marekani, ile duara au ile mistari ya herufi inayoanza na S. SG, SJ, SL, SM, SN, SP, kila herufi ikisonga mbele ni kipimo kipya zaidi, SL ilitoka 2001, SN 2010, SP 2020. Hapa kuna mtego ambao umewanasa wengi. Mtu anafikiri SP ndio bora basi achukue yoyote yenye SP. Lakini vipimo vipya vimeandikwa kwa ajili ya magari, na kwa zile oili nyepesi vimepunguza fosforasi ili kulinda ile mashine ya kusafisha moshi kwenye ekzosi ya gari, na fosforasi hio ikiungana na zinki ndio dawa inayolinda kamshafti na gia zisisagane. JASO yenyewe inataka fosforasi iwe kati ya asilimia 0.08 na 0.12 kwa pikipiki. Kwa hivyo SL yenye MA ni bora mara mia kwa Boxer yako kuliko SP isiyo na MA. API peke yake haikwambii chochote kuhusu klachi.

Alafu angalia ndani ya lile duara la API, sehemu ya chini. Ikiwa imeandikwa "Energy Conserving" au "Resource Conserving" weka chini hio chupa uondoke. Maneno hayo yana maana oili imelainishwa ili gari itumie petroli kidogo. Kitabu cha Honda kinasema wazi kabisa, tumia API SG au ya juu zaidi isipokuwa zilizoandikwa hivyo, na JASO iwe MA. Mara nyingi utayaona kwenye oili nyepesi kama 0W-20, 5W-20, 5W-30 na hata 10W-30 za magari. Chupa yangu ya siku ile ilikuwa na maneno hayo, madogo sana, nilikuja kuyaona nikiwa nimekaa kwenye benchi la fundi.

Na hapa niseme jambo la 10W-30, sababu kuna watu wakisoma hivi wataanza kuikimbia yote. Honda nyingi ndogo kitabu chake kinataka 10W-30. Hio ya pikipiki yenye JASO MA ni sawa kabisa. Ni ile ya gari ndio yenye shida. Namba zinaweza kufanana na oili zikawa tofauti kama mchana na usiku.

Namba: 20W-50, 10W-40 na joto letu

Watu wanabishana sana kwenye steji kuhusu hizi namba. Namba yenye W ni tabia ya oili kwenye baridi, na baridi yenyewe sio hii yetu. 20W inapimwa kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri, 10W nyuzi 25 chini ya sifuri. Malindi asubuhi ya baridi ya kusi, mvua imenyesha usiku kucha, bado hatuko hata karibu na huko. Kwa hivyo mtu akikwambia 20W ni nzito sana itakataa kuwaka asubuhi, mwambie hapa sio Ulaya.

Namba ya pili ndio inayotuhusu, hio ni uzito wa oili ikiwa moto, inapimwa kwenye nyuzi 100. Oili ya 30 ikiwa moto iko kati ya 9.3 na 12.5 kwa kipimo chao, ya 40 ni 12.5 mpaka 16.3, ya 50 ni 16.3 mpaka 21.9. Unaona tofauti ilivyo, 50 ni karibu mara mbili ya 30. Injini zetu zinapozwa na upepo, na upepo wenyewe wakati wa kaskazi unatoka kwenye lami ya moto. Sasa ukiwa na abiria kutoka Malindi kwenda Langobaya kwenye jua la saa saba, au unatambaa gia ya pili kwenye mchanga bila mwendo wa kuleta upepo, oili inachemka kweli kweli.

Ushauri wangu ni huu. Fungua kitabu cha pikipiki yako, tafuta jedwali la oili, fuata namba iliyoandikwa. Boxer nyingi hapa tunaziwekea 20W-50 na zinafanya kazi vizuri. Kama kitabu kinataka 10W-30 na kinaruhusu nzito zaidi kwenye joto, na injini imeshatembea sana, 10W-40 au 20W-40 ni hatua nzuri. Kama kitabu kinataka 10W-30 tu na injini ni mpya, weka hio hio, njia za oili ndani ya injini mpya ni nyembamba na zimepimwa. Usikimbilie 20W-50 kwa kila kitu ati sababu ni nzito ndio inalinda. Oili nzito kupita kiasi inafanya pleti zishindwe kuachana vizuri pikipiki ikiwa baridi, utaiona asubuhi ukitia gia ya kwanza inaruka "tak!" na kujivuta mbele hata umeshika klachi.

Kuna kitu kingine watu hawajui kuhusu oili inayokaa na gia. Meno ya gia yanasaga ile oili. Zile dawa ndani yake zinazoishikilia isiwe nyepesi kwenye joto zinakatwa katwa na meno, kwa hivyo 20W-50 uliyoweka, baada ya kilomita elfu kadhaa sio 50 tena. Utajuaje? Mguu utakwambia kabla ya macho. Gia zinaanza kuwa ngumu, nyutro haipatikani, unapiga kutoka ya pili unaruka mpaka ya kwanza, unarudi unaruka mpaka ya pili. Jana ilikuwa laini leo inagoma. Wengi wanaenda kukaza kebo. Kebo haina kosa, oili imechoka.

Sintetiki, ya kawaida, na lile neno la mitaani

Utasikia "sintetiki inatelezesha klachi". Sio kweli. Kinachotelezesha klachi ni dawa za kulainisha, na dawa hizo zinaweza kuwa kwenye sintetiki au kwenye mineroli, ile oili ya kawaida. Sintetiki yenye JASO MA2 inashika vizuri tu na inavumilia joto zaidi. Swali ni la pesa na la ratiba. Boda ya kazi inayokunywa vumbi na mchanga kila siku, mimi naona mineroli nzuri yenye MA unayoimwaga mapema ni bora kuliko sintetiki ya bei ya juu ambayo kwa kuihurumia pesa unaiacha ikae miezi. Mwenye pikipiki ya kutembelea tu, au anayekwenda safari ndefu mpaka Garsen na kurudi, semi-sintetiki ya 10W-40 ni pesa iliyotumika vizuri.

Oili ya dizeli, ile ya malori, kuna wanaoiweka. Nyingine chache zimeandikwa JASO MA pia, hizo ni sawa. Zisizo na MA ziache, zina sabuni nyingi ya kusafisha masizi ya dizeli na hakuna aliyezipima na klachi yako. Oili ya difu, ile nzito yenye harufu ya kiberiti, 80W-90 ya GL-5, hio usithubutu kuimwaga kwenye injini ya four-stroke hata kwa sekunde. Na hizi chupa ndogo za kuongezea, za kulainisha injini, ati ongeza nguvu, hapana. Oili yenye MA imeshapimwa ilivyo, ukiongeza kitu juu yake umeitoa kwenye kipimo.

Kununua bila kuibiwa

Oili ya kupimiwa kutoka kwenye pipa au kibuyu, mimi sinunui tena, hata muuzaji awe jirani yangu, sababu yeye mwenyewe hajui ni MA au sio MA. Nunua chupa iliyofungwa. Angalia ile pete ya kifuniko, kama imeshakatika achana nayo. Angalia foili chini ya kifuniko. Lebo iliyobandikwa kombo, maandishi yenye makosa, chupa iliyochunika kama imeshazunguka mtaani, hizo ni dalili. Tafuta alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, yenye namba ya kibali chini yake, unaweza kuandika SM# ukafuatisha na namba ile ukatuma kwenda 20023 wakuletee jibu hio ni bidhaa gani na ya nani. Inachukua dakika. Na ukimaliza kutumia chupa itoboe au ikate, sababu chupa nzima yenye lebo safi inajulikana inakokwenda, inajazwa tena.

Kumwaga na kuweka

Washa injini dakika tano hivi iwe ya uvuguvugu, sio moto wa kuunguza. Oili ya uvuguvugu inatoka na uchafu wake wote. Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa mahali pa tambarare na pasipo na upepo wa mchanga, tafadhali, nimeona watu wanafungua injini ufuoni kaskazi inapuliza. Futa pale kwenye kifuniko cha juu kwanza kabla hujakifungua, kuna vumbi na chumvi imeganda pale, ukifungua tu inaingia ndani. Fungua juu, alafu weka beseni chini, fungua nati ya chini.

Ikitoka iangalie. Nyeusi ni kawaida, imefanya kazi yake. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa kuna maji ndani. Hii kwetu inatokea sana baada ya mvua za masika, mtu amevuka maji yamefika injini, au boda ya mjini inayokwenda safari fupi fupi tu, sokoni na kurudi, oili haipati joto la kutosha kukausha unyevu. Chukua tone usugue kati ya vidole viwili, ukisikia chembe chembe au ukiona kitu kinameta kama rangi ya fedha kwenye jua, ungaunga mwembamba kidogo sio wa kutisha, vipande ni vya kumpelekea fundi siku hio hio. Inuse pia. Ile harufu ya kuungua niliyoisema mwanzo ukiipata, klachi imeshaanza.

Chujio. Pikipiki nyingi ndogo zina kichujio cha waya, kisafishe kwa petroli ukikaushe, kama yako ina filta ya karatasi badilisha. Ile pete bapa (washa) inayokaa na nati ya chini weka mpya kila mara, ni pesa ndogo sana. Na ukikaza nati usikaze kama unakaza tairi la lori, mwili wa injini ni alumini na nati ni chuma, nyuzi zikikatika utalia. Ikishakaa sawa, robo mzunguko tu inatosha, kama una spana ya kupimia nguvu bora zaidi.

Mimina kiasi kilichoandikwa kwenye kitabu au kilichopigwa chapa karibu na kifuniko. Nyingi za cc 100 mpaka 150 ni karibu na lita moja, lakini karibu sio sawa, pima. Washa injini dakika mbili tatu, zima, subiri oili ishuke, alafu pima pikipiki ikiwa wima kabisa, sio imeegemea stendi ya pembeni. Kijiti cha kupimia kwenye pikipiki nyingi kinachovywa tu bila kukazwa nyuzi, nyingine zina kidirisha cha kioo, angalia yako. Iwe kati ya alama ya chini na ya juu. Kujaza kupita alama ya juu sio kuiheshimu injini, oili inapigwa povu, inatafuta pa kutokea, inaingia kwenye kisafisha hewa.

Kilomita ngapi? Pikipiki mpya, ya kwanza mwaga mapema, vitabu vingi vinasema kati ya 500 na 1000, sababu chuma kipya kinasagana. Baada ya hapo fuata kitabu, lakini kitabu kimeandikwa kwa mtu wa kawaida. Boda ya mzigo na mchanga mimi namwaga kila kilomita 2000 nikitumia mineroli. Ukitembea 100 kwa siku hio ni siku 20.

Jaribu klachi kabla hujaiamini

Kwanza mkono wa klachi uwe na ulegevu kidogo, nyingi zinataka kati ya milimita 10 na 20 pale nchani mwa mkono. Kebo iliyobana sana inatelezesha klachi hata oili iwe bora duniani, na wengi wameilaumu oili bure. Alafu toka barabarani, tambarare, gia ya tatu au ya nne mwendo wa pole, vuta mafuta yote mara moja. Sauti ya injini na mwendo vinatakiwa kupanda pamoja. Sauti ikikimbia mbele na pikipiki ikabaki nyuma, inateleza.

Kama umeshaweka oili ya gari na umesoma hapa umeshtuka, usingoje wikendi. Mwaga leo, weka ya MA, tembea siku mbili tatu taratibu, mwaga tena uweke nyingine ya MA, sababu ile ya kwanza inaosha iliyobaki kwenye pleti. Mara nyingi kama hujachelewa klachi inarudi kushika yenyewe. Ikiendelea kuteleza fungua, pima unene wa pleti ulinganishe na kitabu, angalia pleti za chuma kama zimekuwa na mabaka ya bluu au zimepinda, weka kwenye kioo cha meza uone. Springi badilisha pamoja, springi iliyochoka haionekani kwa macho. Na hili mafundi wengi wanalisahau kwa haraka, pleti mpya lazima zilale kwenye oili, ile ile ya MA utakayoweka, usiku kucha au angalau masaa machache kabla ya kufungwa. Ukizifunga kavu zinaungua siku ya kwanza kabla oili haijazifikia.

Wenye two-stroke

Bado kuna Yamaha DT na AG za zamani huku kwetu, hasa mashambani. Zile ni tofauti. Oili ya injini inachomwa pamoja na petroli, hio ni oili ya 2T, vipimo vyake vya JASO ni FB, FC, FD. Giaboksi ina oili yake mbali, na klachi inaoga mle mle kwenye giaboksi. Kwa hivyo hapo ndipo oili ya gia na klachi ni jambo la peke yake, haina habari na pistoni. Kitabu kingi kinataka 10W-30 au 10W-40 ya pikipiki, weka yenye MA, haina makosa. Nyingine kitabu kinaruhusu oili ya gia ya 80W, na hapa watu wanashtuka na namba, wanafikiri 80 ni nzito kuliko 50. Sio, vipimo vya oili ya gia ni ngazi nyingine, 80W ya gia uzito wake uko jirani na oili ya injini ya 20W hivi. Lakini iwe ile iliyotengenezwa kwa pikipiki yenye klachi inayooga, sio ya difu ya GL-5, zile dawa zake za kiberiti zinakula shaba na zinatelezesha pleti. Na usimimine 2T kwenye giaboksi, nimeshakuta hio, na mwenyewe akaapa ni sawa sababu ni oili ya pikipiki.

Oili chafu usiimwage mchangani. Visima vyetu hapa sio virefu na mchanga wetu unapitisha kila kitu, na mtaro wa mvua unakwenda baharini, pale pale watu wanavua. Irudishe kwenye kile kibuyu upeleke gereji wanakokusanya. Alafu chukua kipande cha tepu nyeupe, andika kilomita zilizoko kwenye saa, tarehe na jina la oili, bandika chini ya siti. Siku ukiwa na fundi mwingine, hata Watamu au Marereni, akiinua siti atajua ni nini kiko ndani.